Jibu Lililotulia Si Lazima Liwe Sahihi

Barua za toleo hili zimekuja kama zimeambizana. Karibu zote zinauliza namna ya kukokotoa mtikisiko wa majengo na minara kwa hatua za muda, kwa ile familia ya njia ziitwazo implisiti. Wengine wanataja tetemeko la 12 Agosti 2020, lililotokea baharini na kusikika hadi kwenye maghorofa ya Dar es Salaam. Wengine wana upepo tu na simtanki juu ya mnara. Hesabu ni ileile.

Kwa anayeanza: tungamo ni wingi wa kitu kwa kilo, ukakamavu ni kani inayohitajika kuusogeza muundo mita moja, ufifishaji ni uwezo wa muundo kumeza mtikisiko, na mchapuko ni jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde.

SWALI: Habari za kazi, wahandisi. Nina mnara wa chuma wa kubebea simtanki la lita 5,000. Nimeandika njia ya Newmark kwenye Excel na kuweka kani ya upepo wa ghafla ya 9,600 N, hatua ya sekunde 0.02. Mwenzangu katumia data zilezile, lakini msogeo wake wa hatua ya kwanza ni mara mbili ya wangu. Mbele huko grafu zinafanana, ila yangu kama inachelewa kidogo. Nani kakosea? *Mhandisi kijana, Goba*

JIBU: Mwenzako yuko sahihi. Wewe umeanza na mchapuko wa sifuri, na Excel haikulalamika kwa sababu kwake sifuri ni namba kama namba nyingine.

Tuzipange data zako. Maji kilo 5,000, tanki, jukwaa na sehemu ya juu ya mnara kilo 1,000, jumla 6,000. Ukakamavu wa kwenda upande umesema ni 960,000 N/m. Gawanya ukakamavu kwa tungamo upate 160, kipeuo chake cha pili ni 12.65 rad/s, na kipindi cha mnara, yaani muda wa kwenda na kurudi mara moja, kinakuwa sekunde 0.497. Ufifishaji wa asilimia 2, unaofaa kwa chuma kilichochomelewa, unatoa c = 2 × 0.02 × 12.65 × 6,000, yaani 3,036 N·s/m. Hatua ya sekunde 0.02 inatosha, kwani zinaingia karibu 25 katika kipindi kimoja.

Newmark, wa Chuo Kikuu cha Illinois, alichapisha kanuni zake mwaka 1959. Kwa u msogeo, v kasi, a mchapuko na Δt hatua ya muda, β na γ zikiwa namba unazozichagua wewe, na alama ya ' ikionyesha mwisho wa hatua, ni hizi:

u' = u + Δt·v + Δt²·[(0.5 − β)·a + β·a']
v' = v + Δt·[(1 − γ)·a + γ·a']

Ukiweka γ = 0.5 na β = 0.25 umechukulia kwamba mchapuko ndani ya hatua ni wastani wa ule wa mwanzo na ule wa mwisho. Wa mwisho hujaujua bado. Ndiyo maana njia inaitwa implisiti: unaandika usawa wa kani pale mwishoni, mahali ambapo hujafika, halafu unautatua huo mlinganyo ili ufike.

Kwa Δt = 0.02, tungamo linazidishwa kwa 4/Δt² = 10,000 na ufifishaji kwa 2/Δt = 100. Ukakamavu wa kutatulia unakuwa 960,000 + 100 × 3,036 + 10,000 × 6,000 = 61,263,600. Namba hii haibadiliki maadamu Δt haibadiliki. Ikokotoe mara moja na uiweke kwenye seli yake.

Sasa mwanzo wenyewe. Muda wa sifuri, mnara umetulia lakini upepo umeshaupiga. Msogeo ni sifuri, kasi ni sifuri, ila mchapuko ni 9,600 ÷ 6,000 = 1.6 m/s². Kani ya kutatulia ya hatua ya kwanza ni 9,600 + 6,000 × 1.6 = 19,200, na msogeo ni 19,200 ÷ 61,263,600 = milimita 0.313. Mchapuko mpya ni 10,000 × 0.0003134 − 1.6 = 1.534, na kasi mpya ni 0.01 × (1.6 + 1.534) = 0.0313 m/s. Hatua ya pili inakupeleka milimita 1.23. Wewe uliyeanza na sifuri ulipata 9,600 ÷ 61,263,600, yaani milimita 0.157. Kwa hesabu hiyo umeiambia Excel kwamba upepo ulianza na sifuri ukapanda taratibu ndani ya hatua ya kwanza, na ndiyo sababu grafu yako inachelewa kwa nusu hatua, sekunde 0.01. Kwa mnara huu si balaa. Kwa mlipuko au gari linalogonga nguzo, ambako tukio zima linaisha ndani ya hatua chache, jibu lote linaharibika.

Kagua kwa mkono. Kani hiyo ikisukuma polepole, msogeo ni 9,600 ÷ 960,000, milimita 10. Ikija ghafla, kwa ufifishaji wa asilimia 2 kilele kinatakiwa kiwe karibu milimita 19.4, kwenye nusu ya kipindi, kama sekunde 0.25. Ukipata 25 au 12, usimlaumu upepo, tafuta kosa kwenye fomula. Mara nyingi ni moja kati ya haya. Umetumia kani ya mwanzo wa hatua badala ya ya mwisho. Au umeandika kasi mpya juu ya ya zamani kabla mchapuko mpya haujakokotolewa. Tumia safu tofauti kwa kila kimoja. Au umechanganya kilo na kN: ukakamavu wa 960 kN/m pamoja na tungamo la kilo 6,000 unatoa kipindi cha sekunde 15.7, na mnara wa namna hiyo ungekuwa bembea. Ukitumia kN, tungamo liwe tani.

Jambo la pembeni: tanki likiwa nusu, maji yanacheza ndani yake na yana kipindi chao. Tungamo moja halitoshi tena, utahitaji la pili lililofungwa kwa springi.

SWALI: Shikamooni walimu wangu. Mwongozo wa programu unasema njia ya wastani wa mchapuko ina uthabiti bila masharti. Nimetumia hatua ya sekunde 0.1 kwenye jengo la ghorofa kumi, grafu imetoka laini kabisa, lakini msimamizi wangu amekataa kuisaini. Kama ina uthabiti, tatizo liko wapi? *Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Changanyikeni*

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako ana haki, na tunashukuru kwamba bado wapo wanaokataa.

Uthabiti bila masharti maana yake ni moja tu: katika mfumo wa mstari, yaani ule ambao kani ikiongezeka mara mbili msogeo nao unaongezeka mara mbili, hata uchukue hatua kubwa kiasi gani, namba hazilipuki. Haina maana kwamba namba hizo ni za jengo lako. Njia hii hailii njaa, inakula chochote unachoipa na kukurudishia grafu laini, na hapo ndipo inapowapoteza watu. Njia ya eksplisiti, ile inayokokotoa mwisho wa hatua kutokana na yanayojulikana tayari mwanzoni, ukiidanganya inalipuka mbele ya macho yako. Hii inakaa kimya.

Kinachoharibika ni kipindi. Njia ya wastani wa mchapuko haipotezi kimo cha wimbi, lakini inarefusha kipindi chake. Hatua 10 ndani ya kipindi kimoja zinakirefusha kwa zaidi kidogo ya asilimia 3. Hatua 20, kwa asilimia 0.8. Hatua 50, kwa asilimia 0.13. Kosa linafuata mraba wa hatua, kwa hiyo ukigawa hatua kwa mbili kosa linashuka mara nne. Asilimia 3 inasikika ndogo, lakini inajilimbikiza. Baada ya mizunguko 15 hivi grafu imechelewa nusu mzunguko: jengo linakwenda kulia, kompyuta inasema kushoto. Tetemeko likija na pigo la pili wakati huo, kompyuta itasema pigo limesaidia kutuliza kumbe limeongeza, au kinyume chake.

Kisha kuna modi za juu. Modi ni umbo mojawapo ambalo jengo hutikisika nalo, kila moja na kipindi chake; za juu ndizo zenye vipindi vifupi. Modi ambayo kipindi chake ni kifupi sana kuliko hatua haifi na haihesabiwi sawasawa. Inageuza alama kila hatua, chanya, hasi, chanya, hasi. Kwenye msogeo huioni. Fungua grafu ya mchapuko wa paa na utaona meno ya msumeno. Wengi huyafuta kwa kichujio na kuendelea, ilhali hayo meno ndiyo barua ya kukuambia kwamba hatua ni kubwa.

Kuchagua hatua, fanya hivi. Endesha kwanza uchambuzi wa modi. Chukua modi zinazofikisha angalau asilimia 90 ya tungamo, kama Eurocode 8, kanuni ya Ulaya ya kusanifu dhidi ya matetemeko, inavyotaka, na uangalie kipindi kifupi kuliko vyote kati ya hizo. Tuseme modi ya kwanza ni sekunde 1.2 na ya mwisho unayoijali ni 0.25. Gawa 0.25 kwa 20 upate 0.0125. Halafu tazama rekodi ya tetemeko. Rekodi mashuhuri ya tetemeko la El Centro, California, la 18 Mei 1940, kwa mfano, husambazwa kwa nafasi ya sekunde 0.02 na kilele chake ni kama 0.32 g (g ni mchapuko wa mvutano wa dunia). Hatua yako iigawe nafasi hiyo bila kubakisha, basi chukua 0.01. Wewe uliyetumia 0.1 kwenye rekodi ya namna hiyo umesoma nukta moja katika kila tano, na kilele huenda kimo kati ya zile nne ulizoziruka.

Baada ya hapo endesha tena kwa 0.005 na ulinganishe. Msogeo wa juu ukibadilika chini ya asilimia 1, umemaliza upande wa msogeo. Usiishie hapo, kwa kuwa kani za kukata kwenye nguzo na mchapuko wa sakafu hutulia baadaye sana kuliko msogeo. Kama unasanifu vifungo vya dari au mabomba, linganisha mchapuko.

Na kabla ya yote hayo, je, rekodi imezidishwa kwa 9.81? Faili nyingi zimeandikwa kwa vipimo vya g. Jengo ambalo halitikisiki kabisa kwenye El Centro huwa na ugonjwa huo.

SWALI: Nimeiga fremu ya chuma kwa elementi (vipande vya hesabu) ndogo nzuri. Programu ya eksplisiti imechagua hatua ya sekunde 0.0000099. Tetemeko ni la sekunde 40. Kompyuta imekesha, alfajiri umeme ukakatika. Nifanye nini? *Mikocheni*

JIBU: Pole kwa umeme. Programu haikukosea. Katika njia ya eksplisiti hatua haiwezi kuzidi muda ambao wimbi la mgandamizo linavuka elementi iliyo ndogo kuliko zote. Katika chuma wimbi hilo lina mwendo wa kipeuo cha pili cha 200 GPa kugawa kwa 7,850 kg/m³, kama mita 5,050 kwa sekunde. Ukiwa na elementi moja ya milimita 50, unapata mikrosekunde 9.9, na sekunde 40 zinakuwa hatua milioni 4. Elementi moja tu, iliyokatwa vibaya pembeni mwa muunganiko, inatosha kuifunga fremu nzima kwa mwendo huo. Itafute kwanza.

Kwa implisiti hatua ya 0.01 inakupa hatua 4,000. Kila moja ni ghali zaidi kwa sababu kuna milinganyo ya kutatua, lakini fremu ikiwa ya mstari na hatua haibadiliki, matriksi, yaani jedwali la namba za milinganyo hiyo, inavunjwavunjwa mara moja mwanzoni na zinazobaki ni kuzidisha na kujumlisha. Kwa kazi yako hakuna ushindani.

Tetemeko, upepo, mitambo inayozunguka, watembea kwa miguu juu ya daraja: implisiti. Mlipuko, lori kugonga nguzo, kitu kuanguka toka juu: eksplisiti, kwa kuwa tukio lenyewe ni la milisekunde na hatua ndogo ungeihitaji hata hivyo. Usikubali ushauri wa kuongeza tungamo la elementi ndogo ili hatua ikue, labda uwe umepima kwamba nyongeza hiyo haigusi vipindi vya fremu. Na iamuru programu ihifadhi hali ya kazi kila baada ya hatua kadhaa ili umeme ukirudi uendelee ulipoishia.

SWALI: Kuhusu α ya njia ya HHT: kitabu kimoja kinataka −0.1, mwenzangu anatumia 0.9 kwenye programu ya OpenSees. Nilipoweka −0.1 kwenye OpenSees nimepata takataka. Je, ni kitu kimoja? Na kuna ubaya gani nikitumia Newmark tu nikapandisha γ hadi 0.6? *Kigamboni*

JIBU: Ni kitu kimoja kwa lugha mbili. Hilber, Hughes na Taylor walipotoa njia yao mwaka 1977, α ilikuwa kati ya −1/3 na sifuri, na sifuri inakurudisha kwenye wastani wa mchapuko. Programu ya SAP2000 inafuata hivyo. OpenSees inaandika 1 + α: namba inakwenda kutoka 0.67 hadi 1.0, na 1.0 ndiyo isiyofifisha chochote. Kwa hiyo −0.1 ya kitabu ni 0.9 ya mwenzako, na −0.05 ni 0.95. Uliyoiweka wewe ilikuwa nje kabisa ya eneo linaloruhusiwa.

Kazi ya α ni kuyaua yale meno ya msumeno tuliyoyataja kwa mwanafunzi wa Changanyikeni bila kugusa modi za chini. Ukichagua −0.1, kwa alama za 1977, γ inakuwa 0.5 − α = 0.6 na β inakuwa (1 − α)²/4 = 0.3025. Kumbuka kwamba thamani hizi zinakwenda pamoja na α ndani ya mlinganyo wa usawa. Kuzichukua peke yake na kuzitia kwenye Newmark ya kawaida ndilo kosa unalolifikiria.

Ubaya wake ni huu. Newmark yenye γ zaidi ya 0.5 inashuka kutoka usahihi wa daraja la pili hadi la kwanza, na inafifisha kila kitu, modi za chini zikiwemo. Chukua mnara wa yule wa Goba: kipindi cha nusu sekunde, hatua ya 0.02. γ ya 0.6 inauongezea ufifishaji wa kama asilimia 1.2 ambao haumo kwenye chuma wala kwenye bolti, umo kwenye hesabu tu. Mnara wenyewe ulikuwa na asilimia 2. Umeongeza zaidi ya nusu kwa kubonyeza kitufe, na milimita ulizopunguza hazimlindi mtu.

Njia ya α jumla ya Chung na Hulbert ya mwaka 1993 ni nadhifu zaidi kwa sababu unachagua kitu kimoja, ρ, kinachosema sehemu gani ya mtikisiko wa frikwensi ya juu kabisa inabaki baada ya hatua moja. ρ = 1 haifuti kitu, ρ = 0 inafuta yote mara moja. Kwa majengo anza na 0.8. Hapo αm ni 0.333, αf ni 0.444, γ ni 0.611 na β ni 0.309. Lakini hapa napo programu hutofautiana alama.

Usiamini mwongozo wowote kwa macho. Jenga springi moja na tungamo moja, bila ufifishaji, livute na uliachie, hatua 20 kwa kila kipindi, mizunguko 10. Kwa α isiyofifisha, kimo cha mzunguko wa kumi ni sawa na cha kwanza. Kikishuka sana, umeandika alama vibaya. Kikipanda, zima kompyuta ukanywe chai kwanza.

SWALI: Ninaweka ufifishaji wa Rayleigh wa asilimia 5. Je, jengo zima linapata asilimia 5? *Tabata*

JIBU: Hapana. Ufifishaji wa Rayleigh unajengwa kwa sehemu ya tungamo na sehemu ya ukakamavu, na jengo linapata 5 kwenye vipindi viwili ulivyovichagua tu. Ukichagua sekunde 1.0 na 0.2, kigezo cha tungamo kinakuwa 0.5236 na cha ukakamavu 0.002653. Katikati, kwenye sekunde 0.5, jengo lina asilimia 3.75. Kwenye sekunde 0.05 lina karibu asilimia 17, yaani modi hizo zimezibwa mdomo. Chagua vipindi vinavyokumbatia modi unazozijali, ukikumbuka kwamba jengo likipasuka kipindi chake kinarefuka. Cha juu kiwe kirefu kidogo kuliko kile cha modi ya kwanza.

Kwenye uchambuzi usio wa mstari kuna mtego zaidi. Sehemu ya ukakamavu ikibaki ile ya mwanzo wakati nguzo zimeshalegea, inazalisha kani za ufifishaji zisizo na mlipaji. Utaziona: jumla ya kani za nguzo hailingani na kani ya msingi. Tumia ukakamavu wa wakati huo, au angalau uitoe sehemu hiyo kwenye elementi zinazotarajiwa kulegea.

SWALI: Uchambuzi wangu usio wa mstari unasimama kwenye sekunde 4.86 kila mara. Programu inasema jibu halijatulia. Nimepunguza ukali wa kipimo cha kosa kutoka 0.000001 hadi 0.01 ukapita. Je, ni sawa? *Mbezi Beach*

JIBU: Umelipita tatizo ukaliacha nyuma yako likiwa hai. Kipimo cha kosa kinasema ni kani kiasi gani inaruhusiwa kubaki bila kusawazishwa mwisho wa hatua. Ukilegeza, kani hiyo inaingia hatua inayofuata kama nishati iliyotoka hewani, na hesabu inaendelea na jengo ambalo si lako.

Rudisha kipimo, kisha iambie programu ichapishe kosa la kila jaribio ndani ya hatua ile ya 4.86. Newton-Raphson, njia ya kulikaribia jibu kwa majaribio, ikiwa na afya inashuka kwa kurukaruka ngazi: 100, kisha 3, kisha 0.004, kisha karibu na sifuri, majaribio matatu hadi matano. Tazama mfuatano wako unafanana na upi.

Ukishuka kwa kujikokota, 100, 80, 65, 52, matriksi ya ukakamavu haijasasishwa. Pengine umechagua ile aina inayotumia ukakamavu wa mwanzo ili kuokoa muda. Badili.

Ukirukaruka kati ya namba mbilimbili, 40, 7, 40, 7, kuna elementi inayobadili hali kila jaribio: ufa unafunguka na kufunga, au nyuso mbili zinagusana na kuachana. Gawa hatua kwa mbili, au kwa nne, katika sehemu hiyo tu, kisha uirudishe. Kila Δt ikibadilika, matriksi ya kutatulia nayo inabadilika, kwa hiyo usigawe faili zima bila sababu.

Ukishuka vizuri halafu ukakwama kwenye 0.00002 na kugoma kabisa, si fizikia, ni tarakimu. Kompyuta inabeba tarakimu kama 16. Kama umefunga nodi mbili (nukta zinazounganisha elementi) kwa springi ya adhabu, yaani springi ngumu mno ya kuzizuia zisiachane, iliyo mara 10¹² ya ukakamavu wa jirani yake, umebakiwa na tarakimu nne za kufanyia kazi. Shusha adhabu hiyo hadi mara 1,000 au 10,000. Pia 0.000001 ya nini? Ya newtoni moja kwenye jengo linalobeba meganewtoni ni kudai kisichowezekana. Tumia kipimo cha uwiano.

Na ukipanda tu, angalia msogeo wa ghorofa. Ukiwa na mzigo wa wima na ukaruhusu umbo lililoinama liuongezee jengo kuinama, na msogeo unakua upande mmoja bila kurudi, basi hesabu haijaharibika. Jengo ndilo limeanguka.

Kuna kisa kingine kinachofanana lakini hakina ujumbe wa kosa. Wastani wa mchapuko ukipewa mizunguko mikubwa ya kijiometria, kebo ndefu kwa mfano, unaweza kuanza kuongeza nishati hata kama kila hatua imetulia vizuri. Ile ahadi ya uthabiti bila masharti ilikuwa ya mifumo ya mstari. Dawa ni njia ya Bathe, iliyotolewa mwaka 2005: kila hatua inagawanywa mara mbili, nusu ya kwanza kwa wastani wa mchapuko, ya pili kwa kanuni ya nukta tatu inayotazama nyuma. Gharama ya hatua inakaribia mara mbili. Kabla ya kuilipa, chora nishati: kazi ya kani za nje upande mmoja, nishati ya mwendo, ya mkunjo na iliyofifishwa upande wa pili. Tofauti ikipita asilimia chache, ilipe.

SWALI: Genereta la dizeli la mizunguko 1,500 kwa dakika liko juu ya slabu ya paa, Kariakoo. Frikwensi ya slabu ni 12 Hz. Hatua iwe ngapi, na niendeshe kwa muda gani? *Upanga*

JIBU: Mizunguko 1,500 kwa dakika ni 25 Hz, kipindi cha sekunde 0.04, hivyo hatua ni 0.002. Kwa ufifishaji wa asilimia 2, mtikisiko wa kuanzia unahitaji kama mizunguko 30 ya slabu yenyewe kushuka hadi asilimia 2 hivi ya kimo chake, yaani sekunde 2.5 au hatua 1,250. Soma matokeo baada ya hapo tu. Kwa hali hiyo ya kudumu, hata hivyo, uchambuzi wa frikwensi unakupa jibu lilelile kwa sekunde chache. Usijichoshe na hatua za muda.

Zitumie kwenye kuzima. Genereta likizimwa linashuka kutoka 1,500 na kupita 720 kwa dakika, ambayo ni 12 Hz kamili ya slabu yako. Kani ya kutolingana kwa uzito hapo ni asilimia 23 tu ya ile ya mwendo kamili, kwa sababu inafuata mraba wa mwendo, lakini slabu inaipokea ikiwa kwenye frikwensi yake. Muulize muuzaji genereta linachukua sekunde ngapi kusimama, andika kani ambayo frikwensi na kimo chake vinashuka kwa muda huo, na uendeshe kwa hatua ileile ya 0.002.